Datsun 240Z: Gari Linalopimwa kwa Bati Lake

Miongoni mwa magari yaliyotengenezwa kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 20, ni machache yanayoonyesha kama Datsun 240Z namna gari linavyozeeka, linavyokarabatiwa na linavyopewa thamani baada ya kupita nusu karne tangu litoke kiwandani. Gari hili ni la aina inayoitwa kupe, yaani gari la milango miwili, lenye viti vichache na paa linaloteremka kwa mshazari hadi nyuma, ambalo hubuniwa kwa ajili ya mwendo na raha ya dereva kuliko kubeba familia na mizigo. Neno hilo halina undugu na kupe anayemfyonza ng'ombe damu, ingawa mmiliki anayerudi nyumbani kutoka gereji na risiti ya vipuri mkononi anaweza kusamehewa akidhani undugu upo. Wanunuzi wengi wa magari ya zamani huanza kwa kuwasha injini na kutega sikio, kisha wakisharidhika na mlio ndipo huzungumzia bei. Kwa 240Z mpangilio huo ni kinyume kabisa cha unavyopaswa kuwa, kwa sababu injini inayosumbua inaweza kufunguliwa na kufungwa upya kwa gharama inayokadirika, ilhali bodi iliyoliwa na kutu inaweza kummaliza mwenyewe fedha kabla kazi haijafika nusu.

Gari hilo lilizinduliwa nchini Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika soko la Marekani likaitwa Datsun 240Z, jina lililopendelewa na Yutaka Katayama, aliyesimamia biashara ya Nissan huko na ambaye hakuona kwamba jina la Fairlady lingewavutia wanunuzi wa nchi hiyo. Tarakimu 240 zinatokana na ukubwa wa injini yake, lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja na kutoa nguvu farasi 151 kwa kipimo cha wakati huo, nguvu ambayo ilitosha kabisa kwa gari lenye uzito wa takriban tani moja. Umbo lake, lenye boneti ndefu na mkia mfupi, lilitoka katika kikundi cha wabunifu kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo. Mwaka 1970 liliuzwa Marekani kwa dola 3,526, bei iliyokuwa chini mno ikilinganishwa na ya Jaguar au Porsche za daraja lake, na sababu za unafuu huo ndizo zinazomgusa mmiliki wa leo: bati lilikuwa jembamba, kinga dhidi ya kutu ilikuwa hafifu kama ilivyokuwa kwa magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo, na vipuri vingi vilichukuliwa kutoka katika magari mengine ya Datsun. Jambo la tatu ni baraka kubwa, lakini mawili ya kwanza ndiyo yaliyoyamaliza magari mengi kati ya zaidi ya 150,000 yaliyotengenezwa kwa jina la 240Z kabla ya kufuatiwa na 260Z na 280Z.

Katika Afrika Mashariki sifa ya gari hili haikutokana na matangazo ya biashara bali na vumbi na matope ya mashindano ya mbio za magari ya Safari. Edgar Herrmann na Hans Schüller, ambao walikuwa wameshinda mwaka 1970 wakiendesha Datsun 1600 SSS, walirudi mwaka 1971 na 240Z wakashinda tena, huku Shekhar Mehta na Mike Doughty wakishika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo, na Bert Shankland wa Tanzania akifuata nyuma yao na Peugeot 504. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews baada ya kumaliza akiwa sawa kabisa kwa alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun, hivyo mshindi akapatikana kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ushindi huo umewafanya watu wengi waamini kwamba 240Z ni gari la chuma lisilojua kuchoka, imani inayohitaji kusahihishwa, kwa maana magari ya mashindano yaliongezewa uchomeleaji katika maungio, yakawekewa ngao za chini, na yakafuatwa njia nzima na mafundi wenye vipuri. Tena yalitakiwa yastahimili siku chache tu za mateso, wala hakuna aliyeyatazamia yasimame nje kwenye mvua kwa miaka 50.

Udhaifu wa gari hili umo katika muundo wake. Malori na pikapu nyingi za kazi zina chesisi, yaani fremu ya vyuma vizito inayobeba bodi juu yake, kiasi kwamba bodi ikioza fremu hubaki na gari huendelea kutafuta riziki ya mwenyewe. Datsun 240Z haina fremu ya namna hiyo. Sakafu, kingo za chini ya milango, nguzo za paa na kuta za chumba cha injini zimechomelewa pamoja zikawa kitu kimoja, na kila bati hubeba sehemu yake ya uzito. Kutu inapoila sakafu ya gari kama hilo, kinachopotea si urembo bali ni mfupa, na dalili yake hujitokeza mahali pasipotarajiwa: mlango unaanza kushuka na kugoma kufunga, kioo cha mbele kinapasuka bila kupigwa na jiwe, au gari linavuta upande mmoja hata baada ya kupimwa magurudumu mara mbili.

Mahali pa kuanzia ukaguzi ni chini ya betri. Betri za zamani hutoa mvuke wa tindikali na wakati mwingine huvuja, na tindikali hiyo hula kwanza kibao kinachobeba betri, kisha ukuta wa pembeni yake, kisha boriti ya chini inayoshikilia sehemu ya mbele ya gari, ambayo mtu hawezi kuiona mpaka gari lipandishwe juu. Mahali pa pili ni lile bonde lililo chini ya kioo cha mbele, penye mifereji ya kutolea maji ya mvua, ambapo majani makavu ya mwembe au mjakaranda hujikusanya na kuziba njia, nayo maji yakakosa pa kutokea yakashuka ndani hadi miguuni mwa dereva. Hapo kiwanda kilikuwa kimebandika mikeka ya lami ya kupunguza kelele, ambayo ikishapasuka hunyonya maji kama sifongo na kuyahifadhi juu ya bati mwaka mzima, huku zulia lililo juu yake likionekana kavu na safi. Mahali pengine ni kona ya chini ya bodi, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, ndani ya madigadi ya mbele ambako matope hunaswa, kisima cha tairi la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma ambako mpira wa kuzuia maji umekakamaa.

Fundi wa bodi anayeijua kazi yake hahitaji mitambo mikubwa ili kugundua yaliyofichwa. Huchukua sumaku ndogo, akaifunga kwa kitambaa laini isije ikakwaruza rangi, kisha akaipitisha polepole juu ya bati kuanzia kwenye kingo za milango hadi nyuma ya magurudumu. Palipo na chuma sumaku hung'ang'ania, na palipojazwa puti, ile sandarusi nzito ya kusawazishia mabonde kabla ya kupaka rangi, sumaku huteleza na kudondoka. Baada ya hapo hugonga kwa mpini wa bisibisi akisikiliza, kwa kuwa bati zima hulia kwa sauti kali inayotangaa, wakati bati lililojazwa hutoa mlio wa kitu kilichokufa. Malengelenge madogo chini ya rangi, ambayo muuzaji huyaita alama za jua, husababishwa na kutu yenyewe, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa na hivyo huisukuma rangi kutoka ndani. Kwa kawaida kinachoonekana nje kama punje ya mtama kina ukubwa wa kiganja upande wa pili.

Tiba ya kweli ni moja, nayo ni kukata hadi kufikia bati zima na kuchomelea bati jipya. Kubandika kipande juu ya kutu na kukifunga kwa ribiti, kisha kusawazisha kwa puti na kupuliza rangi, kazi ambayo gereji nyingi za mitaani huifanya kwa siku mbili na kwa bei ya kuvutia, ni kuiziba kutu mdomo huku ikiendelea kula gizani, tena ikiwa na unyevu wake. Kabla ya kukata kingo za chini ya milango, fundi hana budi kuchomelea mabomba ya muda ndani ya gari, kutoka nguzo hadi nguzo, ili bodi isijikunje ikiwa imekosa tegemeo, na uchomeleaji wenyewe unatakiwa uende kwa nukta fupi zinazoachiana nafasi, hapa moja na kule nyingine, ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kulipinda bati. Betri hutolewa na waya za alterneta huchomolewa kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa. Kazi ikishakamilika, nafasi zilizofungwa ndani ya mabati hupulizwa nta ya kinga kupitia matundu madogo, hatua ambayo wamiliki wengi huikata kwenye bajeti kwa sababu haionekani, na ambayo ndiyo huamua kama ukarabati utadumu miaka mitatu au 20.

Mazingira nayo yana neno lake. Nchini Marekani magari yaliyoishi majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji yalikwisha zamani, ndiyo maana wanunuzi hulipa zaidi kwa gari lililokaa maisha yake yote California. Kwa upande wa Afrika Mashariki hakuna theluji ya kumwagiwa chumvi, lakini upepo wa bahari wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja unaifanya kazi hiyo hiyo bila kusubiri majira, na gari lililokaa Nairobi au Arusha lina haki ya kukaguliwa kwa matumaini makubwa zaidi kuliko lililokaa ufukweni. Anayeishi pwani hufaidika akiosha sehemu ya chini ya gari kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara na kuliegesha penye paa na upepo, si kulifunika kwa turubai la nailoni, kwa kuwa nailoni huzuia mvua kuingia na pia huzuia jasho la usiku kutoka.

Injini ya gari hili ni ya kusamehe, na mafundi wengi huipenda kwa sababu hiyo. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, krenkishafti imeshikwa na beringi saba, na kamshafti, yaani mtaimbo wenye vinundu unaofungua na kufunga vali, umekaa juu ya silinda hedi na kuendeshwa kwa mnyororo. Hata hivyo silinda hedi ni ya alumini, na mkutano huo wa alumini na chuma ndani ya maji ya moto ndipo palipo hatari. Mazoea ya kujaza rejeta kwa maji ya bomba au ya kisima huanzisha ulaji wa polepole ndani ya njia za maji za hedi, na maji hayo yakipungua pasipo mtu kujua, injini ikachemka mara moja tu kwenye foleni, hedi hupinda na gasketi huungua. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea chenye dawa ya kuzuia kutu, kikichanganywa na maji safi yasiyo na chumvi na kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kusawazisha hedi moja.

Pakiwa na haja ya kuifungua hedi, kuna jambo dogo ambalo limewaliza mafundi wengi. Mnyororo wa kamshafti hukazwa na kifaa chenye springi kilichofichwa mbele ya injini, na mara tu gia ya juu inapotolewa na mnyororo kulegea, kifaa hicho huchomoka na hakirudi mahali pake mpaka kifuniko chote cha mbele kifunguliwe. Dawa yake ni kipande cha mbao. Fundi huchonga kabari nyembamba ya mti mgumu, huitoboa juu na kuifunga kamba, huishusha katikati ya pande mbili za mnyororo na kuigonga taratibu hadi ikabane, ndipo anapofungua gia. Kamba ni ya kuivutia nje kazi ikiisha, kwani kabari iliyosahauliwa au kuvunjikia ndani huzaa kazi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa. Bolti za hedi nazo hukazwa kwa awamu, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa spana yenye kipimo. Nafasi za vali huwekwa kwa kutumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, kwa milimita 0.20 upande wa kuingiza hewa na 0.25 upande wa kutoa moshi injini ikiwa baridi. Gari lililojengwa wakati wa petroli yenye madini ya risasi, ambayo iliondolewa karibu kote Kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, linafaa kuwekewa viti vya vali vya chuma kigumu siku hedi yake itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, pasipo kuifungua kwa ajili ya hilo tu.

Kabureta mbili za Hitachi, zilizofuata ubunifu wa Kiingereza wa SU, ndizo zinazosingiziwa zaidi. Ndani ya kila kabureta kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuatana na mvuto wa hewa, ikiwa imeshikilia sindano iliyochongoka ambayo huongeza au kupunguza petroli, na juu yake kuna kikombe kidogo cha oili nyepesi kinachoizuia pistoni isiruke ghafla. Oili hiyo ikikauka gari hukohoa kila dereva anapokanyaga mafuta, na fundi aliyezoea magari ya kompyuta huanza kubadilisha plagi, kisha pampu, kisha kumshauri mwenye gari atafute kabureta ya gari jingine, wakati kilichotakiwa ni kijiko kimoja cha oili. Ulinganishaji wa kabureta hizo, ili silinda tatu za mbele zivute sawa na tatu za nyuma, unaweza kufanywa kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, na skrubu inageuzwa mpaka mivumo miwili isikike kwa ukali ule ule. Ni vyema itamkwe hapa kwamba mafundi wazee wenye sikio hilo wanazidi kupungua, na mwenye 240Z aliyempata mmoja anafaa kumpeleka kijana akajifunze kwake kabla hajampelekea gari.

Mfumo wa umeme unahitaji maneno machache. Umeme wote wa taa za mbele hupita ndani ya swichi iliyo kwenye shingo ya usukani, jambo linaloichosha swichi na kuyeyusha boksi la fyuzi, na mmiliki mwenye busara huongeza relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa, bila kukata waya hata mmoja wa asili. Kipimo cha ampia kwenye dashibodi nacho hupitisha umeme mwingi, hivyo maungio yake hukazwa na kusafishwa. Dashibodi yenyewe, iliyotengenezwa kwa plastiki laini juu ya sponji, hupasuka kwa jua, na iliyo nzima imekuwa adimu kiasi kwamba huongeza bei ya gari.

Kwenye miguu ya nyuma kuna pini ndefu ya chuma inayopita ndani ya bushi za mkono wa chini, na baada ya miongo kadhaa pini hiyo hushikana na bomba lake kana kwamba vilizaliwa pamoja. Anayejaribu kuitoa kwa nyundo huharibu nyuzi za ncha zake kabla haijasogea hata kidogo, kwa hiyo hupakwa mafuta ya kupenya siku kadhaa, hupashwa moto, kisha husukumwa kwa mashine ya kubana. Na pengine hukatwa tu kwa msumeno na kuagizwa nyingine. Pia harufu ya moshi ndani ya gari, ambayo wamiliki wengi huizoea kama tabia ya gari la zamani, hutokana mara nyingi na mpira uliochoka wa mlango wa nyuma, kwa sababu umbo la gari huvuta hewa kutoka kwenye bomba la moshi hadi ndani. Moshi huo una sumu, na mpira mpya ni ununuzi wa kwanza unaopaswa kufanywa, kabla ya rimu na kabla ya redio. Matairi nayo yasihukumiwe kwa kashata zake, bali kwa tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalotembezwa Jumapili tu huzeesha matairi kabla ya kuyamaliza kashata.

Upatikanaji wa vipuri ni faraja kwa anayemiliki gari hili. Kwa kuwa soko kubwa lilikuwa Marekani, na wapenzi wa gari hilo huko ni wengi, sakafu, boriti, mipira na bushi zinaendelea kutengenezwa upya na wafanyabiashara mbalimbali. Injini za ukoo huo huo zilitumika katika magari mengine, na injini ya lita 2.8 iliyowekwa katika 280Z ilitumika pia katika baadhi ya Nissan Patrol za petroli, kwa hiyo mafundi wengi wameshaishika bila kujua kwamba walikuwa wakiishika injini ya gari la mashindano. Urahisi huo una mtego wake, kwani ndio uliofanya magari mengi yabadilishwe injini, na mabadiliko hayo huwa na hesabu yake siku ya kuuza.

Hapo ndipo suala la thamani linapoanzia. Kwenye chumba cha injini cha 240Z kuna kibati chenye namba ya chesisi na namba ya injini. Namba ya chesisi hurudiwa ikiwa imechapwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na ya injini kwenye bloku. Herufi HLS30 huonyesha gari la usukani wa kushoto, na HS30 la usukani wa kulia, ambalo ndilo lililofaa barabara za Kenya, Uganda na Tanzania. Namba zote zikiafikiana, na zikaafikiana pia na kitabu au kadi ya gari, mnunuzi anajua anachonunua. Zisipoafikiana gari halipotezi uzuri wake, lakini hupoteza sehemu ya bei, na pengine hufungua maswali ambayo si ya gereji bali ya polisi.

Baada ya namba hufuata bodi, kisha ushahidi wa matunzo, yaani risiti, picha za kazi zilizopigwa kabla ya rangi kufunika kila kitu, na daftari la huduma. Picha moja inayoonyesha sakafu ikiwa imekatwa na bati jipya likichomelewa ina uzito kuliko maneno yote ya muuzaji. Marekebisho yanayoweza kurudishwa nyuma, kama relei za taa au shokapu mpya, hayashushi thamani, ilhali madigadi yaliyokatwa ili kupisha matairi mapana huishusha, hata kama vijana watalishangilia gari hilo barabarani. Injini yenyewe inakuja mwisho, na kipimo chake bora si mlio bali ulinganifu wa mgandamizo katika silinda zote sita.

Bei za kushangaza zipo na hazifai kufichwa. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1970 iliyokuwa imetembea maili zipatazo 21,000 tu na kubaki katika hali yake ya asili iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni nchini Marekani kwa dola 310,000, na tangu hapo kila mwenye mkangafu wa Z nyuma ya nyumba amejihesabu tajiri. Gari lile lililipiwa kwa sababu halikuwa na mwenzake, wala bei ya kuulizia mtaani si bei ya kuuzia. Funzo lenye manufaa zaidi linatoka kwa Nissan wenyewe, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walinunua 240Z kuukuu nchini Marekani, wakazikarabati na kuziuza kwa takriban dola 25,000 kila moja. Zilikamilika chache, pungufu sana ya zilizokusudiwa, kwa kuwa gharama ya ukarabati ilikuwa nzito. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe, mwenye vipuri na michoro, alishindwa kuipata faida katika kazi hiyo, mtu binafsi anayenunua gari lililooza kwa bei ya kutupa akitumaini kuliuza kwa faida anajidanganya kwa hesabu nyepesi. Kwa kawaida ni nafuu kulipa zaidi mwanzoni kwa gari lenye bodi nzima na injini iliyokufa.

Kwa walio Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya kuongeza. Kenya huzuia uingizaji wa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, kwa hiyo gari ambalo tayari lina namba za usajili za nchini lina thamani ambayo vitabu vya bei vya ng'ambo haviwezi kuionyesha. La pili ni bima. Kampuni za bima huzoea kupunguza thamani ya gari mwaka hadi mwaka, kanuni inayofaa kwa teksi lakini isiyofaa kwa gari ambalo bei yake hupanda, na mwenye 240Z anayekata bima kubwa anatakiwa kwanza apate ripoti ya mthamini, kisha aombe thamani iliyokubaliwa iandikwe kwenye mkataba, pamoja na picha za gari ndani na nje.

Ile 240Z ya ushindi wa mwaka 1971 imehifadhiwa hadi leo katika ghala la kumbukumbu la Nissan huko Zama, Japani. Nyingine zimelala chini ya mikorosho na ndani ya vibanda vya mabati, zikiwa na magurudumu yaliyozama ardhini na wenye nazo wakisubiri fedha za injini. Mwenye gari kama hilo asimwite fundi wa injini wiki hii. Achukue bisibisi na tochi, ainue zulia la upande wa dereva, abandue mkeka wa lami ulio chini yake, na aliangalie bati.